Mbao za Mama Ulizozigeuza Viti

Rågsved, Stockholm

Kaka Deo,

Nakusalimu kwa sababu mama alitufundisha kutoanza neno bila salamu, si kwa sababu moyo wangu unataka. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi huku tuko wazima. Theluji imegeuka barafu mlangoni, tunatembea kama bata, na Neema amefaulu mtihani wake wa hesabu. Haya, salamu zimekwisha. Sasa nisikilize, na usiruke hata mstari mmoja.

Nimekupigia wiki nzima. Kadi za simu nimezimaliza. Inaita, inaita, kisha unaizima. Nilipoazima simu ya jirani yangu Mrundi ulipokea upesi, "Allô, allô!" Uliposikia ni mimi ukakata. Mtu mzima na mvi zako! Mgahawa unao, kiti cha mbele kanisani unacho, halafu unamkimbia mdogo wako wa kike?

Habari nimezipata kwa Shangazi Zawadi. Nilikuwa kituoni natoka ibadani, akanipigia, hata hakunisalimu. "Riziki, kwa nini umemruhusu kaka yako akate mbao za mama yako?"

"Mbao zipi, shangazi?"

"Za sanduku lake la kuzikiwa. Deo amezishusha darini, amezifanya viti vya mgahawa. Anasema wewe ndiye uliyemwambia, kwamba hata Wazungu wanafanya hivyo. Mama yako hataki kusikia jina lako."

Nilikaa palepale kwenye barafu, na koti langu la kanisani. Watu wakanipita. Huku ukianguka wanakupita vizuri sana.

Basi tuzungumze hayo niliyokuambia. Tulipoongea Krismasi uliniuliza habari za kazi, nami mjinga nikafurahi, nikadhani kaka yangu ananijali. Nikakueleza ninavyopanda metro kisha treni hadi Jordbro, kwenye karakana ya mzee Lennart, tunakotengeneza viti vya zamani vya vijijini Uingereza. Nikakueleza juu ya mti ambao huku wanauita alm. Kikalio chote ni ubao mmoja mnene wa alm, unachimbwa kwa tezo mpaka mtu akikaa asitamani kuinuka. Miguu ya mti mwingine inapigwa kwenye matundu na kukazwa kwa kabari, na ubao haupasuki, maana nyuzi zake zimesokotana kama nywele za mtoto asiyechanwa. Nikakuambia mti huo hauozi upesi kwenye udongo wenye maji, ndiyo maana fundi wa kijiji huko zamani alitengeneza viti na majeneza kwa mti uleule. Ukacheka, "Kumbe Wazungu nao!" Nikacheka nawe. Kumbe mwenzangu unanoa msumeno.

Ulisikia nusu ukaondoka nayo. Yule fundi wa Uingereza alikuwa na gogo lake. Maiti alipata sehemu yake, wazima wakapata kiti. Hakungoja mama yake mzazi aende sokoni Kalundu ndipo apande darini kama panya. Na hata kama Wazungu wote wangelala kwenye viti na kukalia majeneza, wewe umekuwa Mzungu tangu lini, Deo?

Wewe ndiye uliyemshikia baba utepe wa kupimia, si mimi. Mimi nilifukuzwa karakanani kwa sababu ni msichana, nikajifunzia mlangoni nikifagia maranda. Kwa hiyo usinidanganye kwamba umesahau. Baba alisema ubao ukishapimiwa mtu ni wa mtu huyo. Hata vipande vilivyobaki vya jeneza alivichoma peke yake nyuma ya nyumba. Hakuna aliyepika navyo. Hakuna aliyetengeneza navyo hata kigoda cha kukamulia mbuzi. Mteja akimwomba alimwambia, "Nenda kaombe kwa mwenyewe," na mwenyewe yuko kaburini.

Na mbao zile alimpimia mama. Nyuzi zake alizichagua yeye, alizikausha kivulini misimu mingi, kwa sababu wakati wa vita aliona watu wakizikwa kwenye mbao za masanduku ya sabuni, akaapa mke wake hatazikwa hivyo. Kisha yeye mwenyewe akafia njiani tukikimbia, tukamzika kwenye mkeka. Mkeka, kaka! Fundi aliyewatengenezea nusu ya Uvira majeneza yao. Mimi na wewe tuliushika ule mkeka, wewe kichwani, mimi miguuni. Ndiyo sababu mama kila Pasaka alizishusha mbao zile, akazipangusa, akazipaka mafuta ya mawese, akawaonyesha wajukuu, "Hii nyumba yangu aliyonijengea babu yenu." Sasa wavuvi wanazimwagia supu mgahawani kwako.

Wiki hii kazi imenishinda. Mezani pangu palikuwa na kiti cha bibi mmoja wa Hässelby, kikalio chake cha alm kimeng'aa kwa makalio ya watu wa miaka na miaka, nami sikuweza hata kukipaka nta. Mzee Lennart akaniuliza nina nini. Nikamweleza. Alivua miwani, akasema miti ya alm inakufa kwa ugonjwa, mji unaikata kwenye bustani, na mtu mwenye ubao mzuri wa zamani haugusi bila kufikiri sana. Lakini Neema, mtoto wangu mwenyewe, aliponiona nalia jikoni akasema kwa Kiswidi chake, "Mamma, det är bara trä." Eti ni mbao tu. Nilitaka kumzaba kofi. Kisha nikajiambia, huyu kazaliwa huku, hajui. Wewe unajua.

Hatimaye juzi shangazi alimwekea mama simu sikioni kwa nguvu. Nilimwapia kwa jina la baba kwamba sikuruhusu, sikuulizwa, sikujua. Kisha akasema, "Najua. Wewe huwezi. Lakini nilitaka nikusikie ukisema." Halafu akalia, Deo. Mama yetu ambaye hakulia siku ya mkeka. Akasema, "Wamenikalia kabla sijalala."

Kwa maneno hayo sitakusamehe upesi. Naandika hili wazi ili usije ukasema hukuambiwa.

Usiniambie utamnunulia jeneza zuri lenye vioo kutoka Bujumbura. Hataki. Anataka ubao uliopita mkononi mwa mume wake. Na mbao zake zimekwisha katwa vipande vipande kwa viti vyako, hazirudi kuwa jeneza. Ndipo nikamuuliza, "Mama, gogo lile la mninga kutoka Fizi lililotoa mbao zako, baba alilipasua likatoa nini kingine?" Akafikiri. Akasema, "Kitanda cha ndoa cha Deo." Mbavu zake, zile mbao za pembeni, ni pana, ubao wa kichwani kama mlango, vyote vya mkono wake. Mwanzoni mama alikataa, akasema hawezi kumwondoa mtoto wake kitandani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mbavu zake bado nzima?" Nikajibu ndiyo, mama. Na mama ni mfupi, zitamtosha.

Msalimie shemeji, mwambie sina ugomvi naye, naye anisamehe kwa usumbufu. Wabusu watoto. Shangazi Zawadi mshukuru kwa niaba yangu, maana najua wewe hutamshukuru. Mchungaji msalimie, akikuuliza habari zangu mweleze ukweli mara hii.

Barua hii nimempa Mama Furaha wa kanisani kwetu anayekuja kuwaona wazazi wake, na nimemwambia akukabidhi mkononi, asiiache kwa mtu. Inua macho umtazame. Mzee aliyesimama nyuma yake ni Fundi Sadiki, aliyejifunza kazi kwa baba, na huo mkononi mwake ni msumeno. Toeni godoro.

Mdogo wako, maana hilo halikatwi,
Riziki