Jiwe Lililolika Upande wa Kushoto

Jumamosi, 5 Julai

Kola tena. Shule zinafunguliwa baada ya Saba Saba na wazazi wa Musoma wamekumbuka leo kwamba watoto wao wamekua. Nimeshona tangu asubuhi, shingo imekakamaa. Nimekula samaki furu wa kukaanga juu ya cherehani, nikatia doa la mafuta kwenye shati la mtu. Nitasema lilikuja nalo.

Kina mama wa kikundi wamepanga Jumatatu twende upande wa Butiama, kwenye ule uwanja wa kuchimba dhahabu. Si mgodi. Ni eneo ambalo kijiji kimewaachia watu wote. Unakata tiketi, unapewa kipande kilichozungushiwa kamba, unachimba, ukipata ni chako. Watu wanakwenda na chapati na soda kama wanakwenda ufukweni. Nimewaambia ni upuuzi. Nimewaambia pia nitakwenda.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Mgongo umekufa. Nimefurahi sana, na ninaandika hivyo kwa sababu sitamwambia mtu.

Tulikodi Noah. Uwanja ni mkubwa, mwekundu, umejaa mashimo na miavuli. Upande mmoja kuna safu ya manyara ya zamani yaliyokuwa ua wa mtu, sasa yamekuwa miti. Nyuma yake jiwe kubwa limepasuka katikati. Kila kundi jipya likija, kamba zinasogezwa mbele kidogo kuelekea manyara.

Wenzangu walichimba wakipiga picha. Mimi nilichimba kweli. Nikapata mabonge mekundu yenye mawe meupe ndani, nikayapeleka sehemu ya kuoshea. Pale kuna mama mmoja kutoka Sengerema, anaitwa Mama Kabula. Kazi yake ni kuwasagia wageni mabonge na kuyaosha kwenye karai. Mkali kidogo. Ana jiwe la kusagia, la zamani, limeingia ndani kama bakuli. Alilalamika kwamba jiwe lake zuri lakini limepinda, linamchosha mkono. "Kila mtu linamchoshaga," akasema.

Nikaomba nijaribu. Halikunichosha hata kidogo. Mkono wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe. Mimi ni wa kushoto, nilichapwa sana shuleni kwa ajili hiyo na haikusaidia kitu. Nikasaga mabonge yangu yote, nikasaga na ya wenzangu, naimba. Mama Kabula akasema niache cherehani nije tufanye kazi.

Mwisho wa karai, punje moja. Ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Nimeitia kwenye chupa ya dawa ya macho pamoja na maji. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyostahili.

Jumanne, 8 Julai

Watoto wameingia shule. Mashati yote yametoka. Hakuna aliyeona doa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimempigia Mama simu kule Kabasa, anakokaa na kaka yangu Magesa. Nilitaka kujisifu kuhusu punje. Alicheka vizuri, kisha akaanza kuuliza. Uwanja uko wapi hasa. Barabara inaingilia upande gani. Nikamweleza.

"Kuna jiwe lilikuwaga limepasuka katikati, mbuzi wanapita?"

Nikasema lipo.

"Na manyara?"

Nikasema yapo, yamekuwa miti.

Halafu akasema pale ndipo kwao. Mji wa baba yake, kabla watu hawajahamishwa kwenda kwenye vijiji. Mama yake amelala pale, karibu na manyara. Mimi nilikuwa mtoto mgongoni mwake siku ya mazishi. Wajomba ndio walikuwa wakijua mahali penyewe na wajomba wamekwisha. Tuliwahi kwenda kumtafuta, mimi na Magesa, pori limefunga, hatukufika, tukarudi na miiba tu. Mama hakutulaumu. Ila kila mwaka anauliza.

Akauliza kama niliona jiwe la kusagia. Kwao mwanamke akizikwa, anawekewa jiwe lake kichwani pa kaburi, kifudifudi, ili mtu mwingine asilitumie.

Nikasema sikumbuki. Nimemdanganya mama yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Sifanyi kazi. Nimekata suruali miguu miwili ya kulia.

Natafuta njia ya kuamini kwamba mawe ya kusagia ni mengi. Yalikuwa kila nyumba. Linaweza kuwa la mtu yeyote. Lakini nilisagia pale naimba. Mimi mzaliwa wa huku, nikaona jiwe la kusagia katikati ya pori na sikuuliza limetoka wapi. Mama Kabula ni mgeni, ana haki ya kutojua. Mimi je?

Nina aibu. Na ninaogopa kamba zile zinazosogea.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda peke yangu. Sikukata tiketi ya kuchimba, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Kabula, nikamsubiri amalize wageni.

Nilipomuuliza jiwe limetoka wapi, aliendelea kuosha karai lililokuwa safi. Nikamweleza habari ya kaburi. Akaacha kuosha. Aliniambia kwa sauti ya chini: "Mi nililitoaga pale kwenye manyara. Lilikuwa limelala, mgongo juu. Nikajua ni bamba tu. Nilipogeuza nikashukuru Mungu." Kwao hawana desturi hiyo. Alidhani ni bahati.

Nikamwomba anionyeshe mahali. Akakataa. Nikamwomba aseme mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Akakataa zaidi. Anaogopa wataambizana kwamba mama wa Sengerema anafukua makaburi, afukuzwe, na wateja wakimbie karai lake. Nikamwomba jiwe. Akaweka miguu yake yote miwili juu yake na kusema anasomeshea watoto.

Nilikasirika sana. Baadaye, njiani, hasira ikaisha ikabaki huruma, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu haina la kufanya.

Jumamosi ijayo kamba zinafika kwenye manyara. Nimeona vigingi vimeshapigwa.

Jumatatu, 14 Julai

Ofisi ya mwenyekiti. Mtu mpole, alinipa kiti, akanisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema: "Mama, tangu dhahabu ionekane, kila mtu ana bibi yake amezikwa hapa." Wiki iliyopita mmoja alionyesha kaburi, walipolichimba ni kichuguu. Wengine wanataka fidia, wengine wanataka kipande wachimbe wenyewe usiku. Akitoa eneo kwa kila anayesema, uwanja unakwisha. Niletee alama, akasema. Kaburi linakuwaga na alama.

Alama ipo chini ya miguu ya Mama Kabula. Sikumtaja. Sijui kwa nini sikumtaja. Pengine kwa sababu na mimi nilisagia.

Nikauliza je, nikikata tiketi ya kipande kile nisikichimbe? Haiwezekani. Kipande kisichochimbwa mpaka saa sita anapewa mwingine. Na bado vipande vinatolewa kwa kuokota karatasi kwenye kofia. Mtu hachagui.

Niliondoka nikasahau hata kuaga. Mama angenigombeza.

Jumatano, 16 Julai

Kabasa. Nimekwenda kumwambia Mama ukweli wote, pamoja na kusaga na kuimba.

Alikuwa nje anasaga ulezi. Mashine ipo nyumba ya tatu na bado anasaga kwa jiwe lake, anasema unga wa mashine unanuka mpira. Macho yake yana ukungu sasa, anafanya kwa mkono tu. Nilieleza nikiwa nimeinamisha kichwa. Mama huniita "mama" kwa sababu nimebeba jina la mama yake, Nyabise. Nilingoja aache kuniita hivyo.

Akauliza, "Mama, huyo mwanamke ana watoto wangapi?"

Nikasema sijui, wengi.

Akaendelea kusaga. Magesa alipofunga duka lake la vipuri vya baiskeli, Mama akamwambia aazime gari Jumamosi. Magesa akasema macho yake hayataona kitu huko. Mama akasema hakusema anakwenda kuona.

Ijumaa, 17 Julai

Leo ni tarehe 18. Nimekosea na sitafuta. Nimelala Kabasa. Mama amepika uji wa ulezi, ameutia kwenye dumu dogo. Nimechukua ile chupa ya dawa ya macho. Sijui nitaifanyia nini, ila sitaki ibaki nyumbani.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike polepole.

Tulichelewa. Probox ya jirani ilizimika Kiabakari. Mama alikaa mbele na dumu lake miguuni. Nyuma kulikuwa na mzigo mzito umefungwa kitenge, Magesa alisema Mama ndiye aliyeagiza upakiwe, asiulizwe.

Tulipofika, kipande cha pembeni ya manyara kilikuwa kimeshapata mtu. Bwana mmoja wa Bunda, kaja na mke wake na kiti cha plastiki. Shimo lake limeshafika magotini. Nilimkimbilia nikipiga kelele, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Watu wakasimama. Mwenyekiti akaja. Mama, huku kashikwa mkono na Magesa, akaniambia ninyamaze, ninaita aibu mahali pa watu. Akauliza Mama Kabula yuko wapi.

Wakasalimiana. Salamu ndefu, ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, kana kwamba tumekuja kwa hiyo tu. Mama Kabula alikuwa kama mtu anayesubiri kuchapwa. Mama akaomba akae mbele ya jiwe. Alipiga magoti, akapitisha kiganja mle ndani, kutoka juu mpaka chini. Akarudia. Mkono ukasimama upande mmoja.

"Limelika huku," akasema. "Mama alikuwaga wa kushoto. Unga ulikuwa unamwagikaga huku, mimi nakaa hapa na ungo."

Akasogea hatua kidogo, akakaa palepale, mikono imeshika ungo ambao haupo.

Nilitazama mkono wangu. Nililia mbele ya watu wote na sikujali.

Mama Kabula naye akalia. Hakuna aliyemwomba tena. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye manyara, akaweka mkono chini, akasema ni hapa. Lilikuwa limelala hapa. Nyasi za pale zilikuwa fupi, umbo la jiwe bado linaonekana. Shimo la bwana wa Bunda lilikuwa hatua moja kutoka pale. Alitoka shimoni bila kuambiwa. Mke wake ndiye aliyeanza kurudisha udongo, kwa mikono. Mwenyekiti aling'oa vigingi yeye mwenyewe na kuvirudisha nyuma.

Nilidhani imekwisha. Lakini Mama Kabula alikuwa amesimama anatazama jiwe, na mabonge ya wateja yamekaa kwenye foleni. Mama akamwambia Magesa alete mzigo.

Lilikuwa jiwe lake. Lile la Kabasa.

"Wewe unalisha watoto kwa jiwe," akamwambia Mama Kabula. "Chukua hili. Hili limelika katikati, halitakuchosha."

Magesa akasema, "Mama, hilo si ndilo lako la..." Wote tulijua ni la kichwani pa kaburi lake.

Mama akakung'uta vumbi magotini.

"Mimi mtaniandikia jina kwa saruji. Niliwasomesheaga nini?"

Tukalirudisha jiwe la Bibi, kifudifudi, mimi na Mama Kabula, kila mmoja upande wake. Mama akamwaga uji, akaongea naye kwa lugha ya nyumbani, mambo ya kawaida, nani kaolewa, nani kafa. Nilipomaliza kufikiri nikafungua chupa nikamwaga na maji yale. Sikuiona punje ikitoka. Ilitoka.

Jumapili, 27 Julai

Upepo kutoka ziwani tangu asubuhi. Sikwenda kanisani, nimepumzika.

Mama Kabula amepiga simu. Jiwe linafanya kazi vizuri. Wageni wanauliza mbona kuna jiwe limezungushiwa kamba peke yake, anawaeleza. Anafagia pale kila Jumamosi kabla ya kuanza. Sikumwomba.

Chupa ya dawa ya macho nimeiosha, nimetia sindano.

Mama naye amepiga. Anakunywa uji wa unga wa mashine na analalamika unanuka mpira, amelalamika kwa furaha kabisa. Ameagiza kitenge. Nikasema nitamletea.

Baadaye nilikuwa na kipande cha kitambaa cheusi mezani na chaki mkononi. Nikaandika jina la Mama, herufi kubwa kama za kwenye saruji, nione litakavyokaa. Lilikaa vizuri. Nikalifuta haraka kwa kiganja, nikakata suruali ya mtu.