Hana Mtu

4 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Natumaini kazi zinakwenda na kifua kimekuachia. Mimi mzima, yaani kile kipande kilichobaki.

Sitazunguka. Jana asubuhi nilikuwa kibandani nashona soli ya kiatu cha mwalimu, mama mmoja nisiyemjua akasimama mbele yangu, akaniangalia weee, machozi yakamlengalenga. Akaniwekea mkate mapajani. Nikamwambia, mama, hapa leta kiatu, mikate siyo kazi yangu. Akasema, "Pole baba, tumekuona." Mmeniona wapi? Akanionyesha ukuta wa zahanati, ng'ambo ya barabara.

Nikavuka. Nikajikuta ukutani, mkubwa kama mlango, bila mguu wa bandia, suruali imekunjwa. Chini yangu wameandika: "Alilitumikia taifa. Leo hana mtu. Changia." Halafu jina la chama hicho unachofanyia kazi, cha kusaidia askari wastaafu na familia zao.

Picha ile naijua. Ilipigwa mlangoni kwangu siku uliyoniletea redio, jirani ndiye aliyeipiga. Mguu nilikuwa nimeuvua kwa sababu unanibana. Ulikuwa umesimama kando yangu, mkono begani, unamcheka jirani kwa kushika simu kichwa chini. Sasa hupo. Ila aliyekukata hakuwa fundi: vidole vyako vinne vimebaki begani kwangu. Watu wanadhani shati limechanika.

Niambie ni nani amefanya hivi, nimfuate.

Baba yako


11 Machi

Baba,

Shikamoo. Nashukuru u mzima. Kifua kimepona.

Usimfuate mtu. Ni mimi. Picha nimeitoa mimi, nimeikata mimi, na maneno nimeyaandika mimi hapa hapa mezani pangu.

Tulianza na bango la askari na wanawe watatu. Halikuleta kitu. Watu wakiona mtoto wanasema, si ana watoto, wamtunze? Nilipoandika "hana mtu" na kulibandika mitaa mingine mwezi wa kwanza, simu za ofisi hazikunyamaza. Mjane wa dereva wenu wa jeshini, yule ambaye mumewe ulimzika kwa mikono yako, ameezekewa paa kwa bango hilo. Binti yake amerudi shule. Nilidhani utajivuna.

Na tusidanganyane, baba. Neno hilo sikuliokota barabarani. Mama alipolazwa uliandika kutoka kambini mara moja tu, na barua yenyewe ilikuwa inauliza kama buti zako za nyumbani zimepakwa dawa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka chooni. Ukitaka kujua mtu asiye na mtu anafananaje, ungeniuliza mimi wakati ule.

Mwanao


15 Machi

Binti yangu,

Salamu nimezipata. Hali yangu usiulize.

Barua ya buti niliiandika na siikatai. Nilikuwa mjinga. Kama ulitaka kunidai hilo, ungekuja ukanidai usoni, nikainamisha kichwa. Hukuja. Umenibandika ukutani.

Unajua kinachonipata hapa? Mwalimu amechukua kiatu chake kabla sijamaliza, eti asinichoshe. Mimi! Nimeshona viatu vya mtaa huu miaka kumi na tisa, nikimtania kila mteja kwamba vya kwangu nauza kimoja kimoja. Sasa hakuna anayecheka. Wanainama kunisemesha kama wanaongea na mtoto. Msharasi wangu wa kutobolea ngozi nimeuweka chini tangu Jumatano.

Mjane wa dereva nampenda, na kwa paa lake nafurahi. Ungeniambia, ningevua mguu mwenyewe nikapiga picha. Lakini ungekuwemo. Rudisha picha nzima. Andika: "Ana binti, na mguu bado unambana." Asiyetaka kuchangia kwa ukweli huo abaki na chake.

Daktari alinikata mguu, lakini kwanza aliniomba saini. Wewe umenikatia mtoto, na saini hukuomba.

Baba yako


22 Machi

Baba,

Shikamoo.

Siwezi. Mabango yamebandikwa mji mzima, na yatakaa mpaka mwezi wa kumi na mbili. Bango lako la kweli halitaezeka hata banda la kuku.

Nimekutumia fomu ya mguu mpya. Jaza, tia saini, rudisha. Fomu zote zinapita mezani pangu, katibu ni mimi. Susia bango ukipenda, mguu usiususie. Ukaidi si mguu wa kutembelea.

Mwanao


30 Aprili

Ndugu Katibu wa Chama,

Salamu. Natumaini wewe na wafanyakazi wenzako mnaendelea vizuri.

Narudisha fomu ya mguu wa bandia. Nimejaza kila kipengele kwa mwandiko wangu. Kipengele cha saba kinauliza mtu wa kuarifiwa endapo nitaugua au kufa. Nimeandika "hana mtu," kama mlivyoutangazia umma. Nisingependa fomu yangu ipingane na bango lenu.

Asante kwa msaada.

Mzee wa kwenye bango


6 Mei

Baba,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ya kwanza najua hutaitikia.

Fomu yako imekataliwa. Kipengele cha saba kina uongo, na chama hakitoi mguu kwa taarifa za uongo. Najua ninachosema. Nyamaza kwanza.

Niliisoma mezani, wenzangu wote wapo, nikalia kama mwehu. Umeandika "Ndugu Katibu." Hujawahi kuniita ndugu hata siku moja. Nimekasirika mpaka sasa hivi.

Jana mchana nilikwenda zahanati nikalichana lile bango. Mlinzi akanifokea, nikamfokea zaidi. Wewe ulikuwa umeinama juu ya kiatu. Nilikuona unaniona. Karatasi ilitoka yote isipokuwa pale begani, gundi yao kali. Vidole vyangu bado viko ukutani, nenda kaangalie. Nilitaka kuvuka nije kwako, miguu ikakataa, na mimi ninayo yote miwili.

Mabango mengine yatabaki. Sitakudanganya. Kuna mjane mwingine anasubiri paa, na sijui kuliandika neno jingine litakalompatia. Nichukie kwa hilo.

Lakini kipengele cha saba nimekijaza upya, kwa wino. Kama nimekosea, njoo ofisini ukifute mwenyewe, mbele yangu. Na huo mguu unaokubana uje nao, fundi achukue kipimo.

Mwanao, ambaye ni mtu