Kocha Whitlow Kuongezewa Mwaka, na Jambo la Kocha Sorensen Lililojitokeza

KAMATI YA MPIRA WA KIKAPU, CHUO CHA BRANDVOLD, IOWA

Tarehe: Jumanne, 25 Februari 2025
Mahali: Chumba cha mikutano, Ukumbi wa Sorensen
Waliohudhuria: Bw. Dale Kruse (Mwenyekiti), Bw. Roger Vandehei, Bi. Pam Dietz, Bi. Lorene Haugen (Katibu, hapigi kura)
Aliyealikwa: Kocha Terrence Whitlow
Asiyehudhuria: Mchungaji Nygaard (kwa taarifa; ana mazishi)

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA

Mwenyekiti alifungua kikao saa 11:00 jioni. Aliwakumbusha wajumbe kwamba Kocha Arvid Sorensen, ambaye ukumbi huu una jina lake, alifungwa misimu minne mfululizo kabla ya kutwaa ubingwa mara tisa, kwa kuwa Kamati hii ilimvumilia. Aliwakumbusha hivyo pia Novemba, Desemba na Januari.

KUMB. NA. 2/2025: MAELEZO YA KOCHA

Msimu huu timu imeshinda mara sita na kufungwa mara ishirini na moja. Bw. Vandehei alimwuliza Kocha kama ana habari kwamba mpira huwa unaingizwa kikapuni.

Kocha alijibu: "Habari ninayo, Bwana Roger. Mwaka wa kwanza nilianza na vijana tisa wasiojuana hata majina. Sasa ndio wanaanza kuelewana. Nipeni mwaka mmoja tu. Mkinitoa leo, hakuna chuo kitakachoniajiri tena, na mke wangu ameshapata kazi hospitali ya hapa."

Alishukuriwa, akatoka. Kahawa yake hakuigusa.

KUMB. NA. 3/2025: MJADALA

Bi. Dietz alipendekeza Kocha aongezewe mwaka. Bw. Vandehei alipinga, akisema Sorensen alipewa muda kwa sababu alionekana tangu mwanzo kuwa ni kocha. Mwenyekiti alisema: "Roger, wewe 1983 hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilisimama peke yangu nikamtetea." Aliagiza Katibu alete daftari la mwaka huo, ili maneno yake ya wakati ule yanakiliwe kwenye azimio la leo.

Katibu alileta daftari na kusoma: "KUMB. NA. 3/1983: Bw. D. Kruse alitoa hoja kwamba Kocha Sorensen aachishwe kazi mara moja. Kura za ndiyo tano, za hapana hakuna. Katibu aandike barua."

Mwenyekiti aliomba isomwe tena. Ilisomwa tena.

Bw. Vandehei aliuliza: "Sasa huyu Sorensen alibakije?"

Katibu, ambaye ndiye aliyekuwa Katibu hata mwaka huo, alieleza kwamba barua aliiandika. Theluji ikafunga barabara siku tisa. Barabara zilipofunguliwa timu ilishinda mara tatu mfululizo, na hakuna mjumbe aliyeiulizia barua tena. Iko nyumbani kwake, kwenye kisanduku cha kadi za mapishi, nyuma ya kadi ya pai ya tufaha.

"Lorene, miaka arobaini na mbili hukusema?"

"Hamkuniuliza, Dale."

Bi. Dietz alisema yeye haelewi tena wanajadili nini. Bw. Vandehei alisema kwa hiyo uvumilivu wa Kamati haukuwahi kuwepo, na hauwezi kuigwa. Bi. Dietz alijibu kwamba muda, hata hivyo, Sorensen aliupata. Bw. Vandehei alikula kipande cha tatu cha keki.

KUMB. NA. 4/2025: KURA

Bi. Dietz: aongezewe mwaka. Bw. Vandehei: aachishwe. Mwenyekiti alisema alikuja na nia ya kumtetea Kocha, lakini sasa hajui kama yeye ni mtu wa namna hiyo. Alipiga kura ya kumwachisha.

AZIMIO: Kocha Whitlow aachishwe kazi. Katibu aandike barua na kuifikisha.

KUMB. NA. 5/2025: MENGINEYO

Mwenyekiti alisema, "Lorene, safari hii..." akaishia hapo. Katibu alimwomba amalizie, apate kuandika. Alisema hajui alitaka kusema nini.

Katibu aliuliza barua ifike lini. Mwenyekiti alitazama nje, ambako Kocha alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, kisha la Bw. Vandehei lililoegeshwa jirani. Alisema hakuna haraka.

Kikao kilifungwa saa 12:25 jioni.

Mwenyekiti: (hajasaini, anasema aliacha miwani)
Katibu: L. Haugen, 26 Februari 2025

Kiambatisho: Barua kwa Kocha Whitlow. Imeandikwa. Imehifadhiwa pamoja na ile nyingine.