Mke Wangu Ameikataa Nyumba ya Mbao

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla mambo yangu hayajafika kwa wazee. Natokea Makete, hapa Dar ni kibarua wa kubeba zege kwenye nyumba za watu, mgongo umechoka, na mimi na mke wangu Jovina na mtoto tumepanga chumba Manzese, sasa nikapata kiwanja kidogo Madale nikawa najenga nyumba ya mbao mwenyewe kila Jumapili, maana kwetu baba alichimbia nguzo za nyumba ardhini kabla sijazaliwa na hadi leo zimesimama, nikajua na zangu zitadumu. Masika yalipokwisha nikampeleka Jovina akaione, yeye akachukua kisu tulichomenyea machungwa akaichoma nguzo ya kona huku chini, kikazama chote, kumbe ndani mchwa wanatembea. Akasema, "Baba Lusungu, hili banda la kuku, na kuku wenyewe watahama." Nikakasirika, nikamwambia kwao wanaringia tofali tu, akarudi Manzese na hataki kusikia habari za Madale. Mie bado naamini mbao ni imara. Je, nihamie peke yangu ili anifuate, au nibomoe?
Elibariki, Manzese

Elibariki, pole kwa mgongo. Ila nani kakwambia Madale ni Makete? Kwenu baridi inawazuia mchwa, hapa kuna joto na unyevu, wanakula mwaka mzima. Baba yako hakukosea. Wewe umeuchukua ujenzi wake ukaiacha baridi yake.

Mbao haina kosa, ila umeizika. Ikikaushwa vizuri, ikatiwa dawa, ikakaa mbali na udongo, mtazeekea humo wote wawili. Hiyo ya sasa usihamie hata kwa kususa, itakuangukia. Ezua bati, bomoa taratibu, mbao nzima zitumie tena, zilizoliwa zichome. Simamisha vikingi vya zege vifike magotini, nguzo zikae juu yake, na paa litokeze ili mvua isipige kuta. Zege unawabebea wengine kila siku, kwako unalionea uvivu? Kila masika yakiisha, inama ukague.

Halafu kwa Jovina. Lile neno la kwao lilikuwa baya, kamwombe radhi. Hakuikataa mbao, aliipima, na wewe hukuipima. Mpeleke tena Madale kabla hujachimba, akuonyeshe anataka jiko lake likae wapi. Uanzie hapo kuvuta kamba ya kupimia msingi.