Shimo la Fomani Barnaba

Jumanne, 12 Aprili 1983
Nimelipiga pasi shati lake la kazi mara mbili, ingawa litachafuka kabla ya saa nne. Miezi miwili ya ndoa, na bado Paskali akikohoa tu uani moyo wangu unaruka. Dereva wangu! Leo anapeleka maharage Wasso. Ameniita mama watoto. Watoto gani? Nimecheka hadi uji ukafurika.

Jumatano, 13 Aprili
Lori limepinduka, kona ya hapa juu. Alikuwa anapisha basi, tairi la kushoto likadondoka ukingoni. Mguu umevunjika. Yu hai. Yu hai! Amelazwa na bado anasifia kanga yangu. Fomani Barnaba wa kambi ya barabara amesema ni mwendo kasi. Mwongo. Tajiri wa lori akimwamini, Paskali hana kazi.

Ijumaa, 15 Aprili
Nimepanda hadi konani na futi yangu ya kushonea. Mtaro umeziba, maji yamekula bega lote la barabara. Kutoka kwenye moramu ya barabara hadi chini: inchi kumi na moja. Gurudumu likishuka pale halipandi. Hakuna hata jiwe lililopakwa chokaa la kumwonya mtu. Mkaguzi wa barabara anakuja Jumatatu kutoka Arusha. Atajionea. Nataka Barnaba afukuzwe. Nataka nimwone akilia.

Jumamosi, 16 Aprili
Ukungu. Nimemkuta Barnaba pale konani na kibarua na toroli la kifusi. Leo ndiyo amekumbuka! Anataka kuficha kabla ya mkaguzi. Nikaketi, miguu ndani ya shimo.
"Shemeji, toka tufanye kazi."
"Mimi si shemeji yako. Mwaga, unifukie."
"Bi harusi ana kichaa huyu," kibarua akacheka.
Wakaondoka. Nimefurahi kuliko siku ya harusi. Hapana. Karibu sawa.

Jumapili, 17 Aprili
Baada ya ibada nilirudi kulilinda shimo langu. Ukungu mzito. Landrova iliyojaa wanakwaya ikapisha lori. Tairi likashuka. Ikalala upande, ikatetemeka, akina mama wakapiga mayowe. Nami pia. Ikanasa kwenye mti. Mama mmoja alishuka na mtoto mgongoni, akatapika.
"Hata matawi hawakuweka!" dereva akafoka. "Watu gani hawa?"
Mimi, niliyekataa kifusi.
Nikaenda kambini. "Lete toroli."
Barnaba alinikodolea macho. "Leo hii? Na mkaguzi wako wa kesho?"
Nikachukua beleshi.

Jumatatu, 18 Aprili
Mkaguzi alikanyaga bega lililoshindiliwa. Nikampa vipimo vyangu. "Mama, mimi sioni shimo." Barnaba alitazama buti zake. Neno lake moja lingetosha. Hakulisema. Namchukia. Ningemzika mle mle mtaroni.

Jumamosi, 21 Mei
Paskali yuko nyumbani, mguu kwenye plasta. Nilimwambia jana: ushahidi wako niliufukia mimi. Akaomba chai.
Jioni hii mvua. Tumekaa barazani, namenya viazi. Lori likapanda kutoka mjini.
"Lile langu," akasema. Limeshatengenezwa, limepewa mtu mwingine.
Tukasikiliza. Dereva mpya akapunguza gia konani. Akapisha kitu.
"Amepita," Paskali akasema, akachukua kisu cha pili.