Damu Uliyoitunza, Shija

Shija, mdogo wangu,

Barua hii nimeiandika kichwani mara nyingi, na kila mara naanza kwa kujitetea. Leo sijitetei. Nitakueleza hata yale unayoyajua, maana nataka na watu wengine wayasome.

Ulizaliwa baada ya mapacha, Kulwa na Doto, ndiyo maana ukaitwa Shija kama desturi yetu Wasukuma inavyotaka. Mapacha hawakufikisha miaka mitatu. Wewe ulivuka, lakini kwa maumivu. Mvua zikianza kule Kasansa, magoti na kifua vilikukaba mpaka ukawa unauma pindo la blanketi ili usilie. Majirani walisema mengi. Hospitalini Mpanda ndiko tulikopewa jina la ugonjwa, siko seli, na kuambiwa kwamba chembe zako za damu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa. Baba akakuondoa machungani. Ukabaki nyumbani ukisokota kamba za ndama, kamba imara kuliko za mtu yeyote, na ulimi wako ulikuwa mrefu kuzishinda.

Katikati ya miaka ya tisini nikaenda Tabora kusomea kazi ya maabara. Niliporudi likizo ya kwanza na koti langu jeupe, mayu, mama yetu, alilipokea kwa mikono miwili akalitundika ukutani watu walione. Wewe ulishaambiwa na mtu kwamba tunaanza kwa kupima choo. Ukanikaribisha mbele ya wageni: "Karibu, daktari wa choo." Nilikasirika kwelikweli. Nafikiri ndiyo sababu mojawapo ya kujisifu siku ile, maana nilitaka unione najua makubwa.

Tulikaa nyuma ya jiko, wewe na katani yako. Nikakusimulia alichotufundisha mwalimu, kwamba damu inazaliwa ndani ya uboho, ule ute wa mfupa tuliokuwa tukiugombania siku ya kuchinja. Humo mna chembe zinazoitwa seli shina, ndizo mbegu za damu yote. Wataalamu wa nje walikuwa wanajaribu kuzitoa mbegu hizo na kuzipelekea jeni nzima, yale maelekezo ya kurithi ya kuunda damu, badala ya ile mbovu, na wa kuibeba jeni hiyo ni kirusi.

"Kirusi? Kama cha ukimwi?"

Nikakueleza kwamba wanakiondolea madhara kwanza. Kirusi kina ujuzi mmoja ambao hakuna dawa iliyo nao, ujuzi wa kuingia ndani ya chembe. Ukafikiri, kamba imesimama mkononi.

"Kwa hiyo ni kama sungusungu wamkamate mwizi wa ng'ombe," ukasema. "Wamnyang'anye mkuki, halafu wamtume akaingize ndama, kwa vile anajua kufungua kila zizi."

Nikacheka, nikakubali. Ukaniuliza, "Na akikumbuka wizi wake?" Nikakwambia watu wale ni wataalamu.

Kisha ukataka kujua wanatumia damu ya nani. Nikajibu kwa kujiamini kwamba ni yako mwenyewe, huo ndio uzuri wake, wanaitoa, wanaitengeneza, wanakurudishia, haichanganywi na ya mtu. Ukauliza ni lini. Shija, mwalimu hakutaja mwaka. Alisema tu kwamba wanajaribu, tena kwa wagonjwa wachache wenye magonjwa mengine kabisa. Lakini niliutazama uso wako, nikasema miaka miwili, labda mitatu, na kwamba nikimaliza chuo nitakutafutia nafasi. Mambo hayo niliyatunga pale pale.

Masika iliyofuata ukapata malaria, damu ikashuka. Wakakupeleka Mpanda juu ya gari la mpunga kutoka Kibaoni. Daktari akasema uongezewe damu upesi. Baba mdogo akajitolea, akapimwa, damu yake ikaonekana inakufaa na ni safi. Wewe ukakataa. Ulimwambia daktari unaogopa ukimwi, na miaka ile hofu hiyo ilimtosha kila mtu. Mayu peke yake ndiye uliyemwambia ukweli: "Nikichanganya damu, dada atanitengenezea nini?"

Naye akasimama upande wako. Kwetu hakukuwa na aliyesoma zaidi yangu, na kwa mayu neno langu lilikuwa juu ya neno la daktari. Baba alibishana naye, akajibiwa, "Binti yako ndiye anayesoma habari za damu. Tumngoje." Baba, ambaye hakuwahi kushika kalamu, akakubali. Wakamtuma msafiri wa treni aniambie kwamba unaumwa, nije. Treni haikuwa ya kila siku. Siku ya nne asubuhi nikafika.

Mayu alinikuta kwenye korido ya wodi. Alikuwa amechoka, lakini uso wake ulikuwa na matumaini, na hicho ndicho kinachoniumiza mpaka leo. Akanishika mkono. "Tumeitunza damu yake, mwanangu. Haijachanganywa hata tone. Sasa anza."

Nilikimbia kumtafuta nesi. Baba mdogo alikuwa amelala nje kwenye nyasi, akanyanyuka akaenda kutolewa damu bila kuuliza kitu. Ulikuwa huongei tena. Nilikushika kidole gumba, kile chenye sugu ya kamba, nikakwambia ni mimi, daktari wa choo. Mfuko wa damu ulifika nusu. Mchana huo wewe ukaondoka.

Kuna jambo lingine, na hili hulijui. Msibani mayu aliniuliza, "Tulikosea wapi?" Nilipaswa kumwambia kwamba hamkukosea, kwamba nilikosea mimi, kwamba hakuna mahali popote palipoandikwa kuwa mgonjwa anyimwe damu kwa kusubiri dawa ambayo haipo. Nikamwambia ni mipango ya Mungu. Akaishi na jibu hilo, na amekufa nalo. Sikuwa na ujasiri, Shija. Niliona aibu mbele ya mama aliyenitundikia koti ukutani.

Dawa ile imekuja. Imechukua karibu miaka thelathini, na iko huko mbali, kwa watu wachache. Ungeshangaa kusikia kwamba kirusi wanachotumia mara nyingi kimetokana na kile kile cha ukimwi, kikiwa kimekatwa makali. Na swali lako lilikuwa la maana kuliko majibu yangu yote, maana kuna watoto waliotibiwa kwa njia ya namna hiyo wakaja kupata saratani ya damu, kirusi kilipojipachika mahali pasipofaa. Wataalamu walirudi nyuma wakaanza upya. Nilisoma habari hiyo kazini nikatoka nje nikalia, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Nimezeeka maabarani, mdogo wangu. Mwezi uliopita mama mmoja alimleta binti yake, ana umri uliokuwa nao wewe, damu imeshuka vibaya. Amesikia redioni habari za kutengeneza jeni. Akaniuliza kama binti asubiri, na kama dawa hiyo itafika Mpanda lini. Yule binti alikuwa ananitazama, naye alikuwa anangoja jibu kwa macho yako yale yale.

Nikasema, "Sijui, mama. Leo awekewe damu."

Aliongezewa jioni ile ile. Keshoye alikaa kitandani akaomba uji. Nilimkorogea mimi mwenyewe, nikiwaza kwamba sentensi hiyo ni fupi, na hata mwaka ule nilikuwa naiweza.

Pumzika, Shija. Sikuombi unisamehe leo.

Ni mimi, dada yako.