Siku ya Mvua Iliyoandikwa Jua Kamili

Jumanne, Kishanda. Novemba iko ukingoni. Mvua imeanza alfajiri, hasira yangu imeanza saa tatu asubuhi, na mpaka naandika haya hakuna iliyokatika.

Naandika ikiwa bado ya moto. Ikipoa nitaanza kujiambia kwamba si jambo kubwa, kwamba mimi ni mtu wa makelele, kwamba mama hakukosea aliponiita pilipili tangu nikiwa mdogo.

Ni jambo kubwa.

Nianze na kazi yenyewe, maana hapa nimezoea kulalamika juu ya migomba yangu na mbuzi wa jirani, na hii kazi ya saa nane sijawahi kuieleza vizuri. Nafundisha fizikia. Miaka michache iliyopita mradi mmoja wa hali ya hewa uligawa vifaa viwili huku kwetu. Kimoja kilikuja shuleni kwangu, nadhani kwa sababu nilijaza fomu kwa mwandiko mzuri. Kingine kilikwenda Bukoba mjini kwa Mutalemwa, fundi wa maabara ambaye nilipata naye mafunzo. Tangu hapo ni rafiki yangu. Alikuwa, au ni, sijui. Nitaamua nikishamaliza kuandika.

Kifaa kinaenea kiganjani. Unakielekeza kwenye jua, unakisogeza taratibu mpaka kidoa cha mwanga kikae katikati ya duara, unabonyeza, na kinakupa namba: kiasi cha ozoni iliyopo hewani kuanzia utosini pako hadi huko juu kabisa wasikofika ndege. Ozoni ndiyo inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Setilaiti nayo hupita juu yetu kila siku baada ya saa nane mchana na kuipima ozoni hiyo hiyo kutoka juu. Sisi tunaipima kutoka chini muda ule ule, kisha namba zetu zinawekwa kando ya namba zake kuona kama inasema kweli.

Na kuna sababu ya kuitilia shaka. Setilaiti huona eneo pana kwa mara moja, na kwetu huku sehemu kubwa ya eneo hilo ni ziwa na mawingu yake. Ozoni iliyojificha chini ya wingu haiioni, inaikisia tu. Kwa hiyo wanamhitaji mtu aliyesimama chini, mwenye matope kwenye viatu, awaambie kama imekisia vizuri.

Sharti ni moja: jua liwe wazi. Wingu likilifunika unaandika "hakuna jua" na unakwenda zako kula. Huandiki namba. Hata msichana wa kidato cha kwanza kwenye klabu yangu ya sayansi analijua hilo.

Sasa barua pepe.

Imetoka kwa mratibu wetu, bwana mmoja wa Dar ambaye hajawahi kukanyaga wilaya yetu ya Muleba. Ananishukuru kwa moyo wa kujitolea. Ukiona mtu anakushukuru kwa moyo wa kujitolea, jua kisu kiko nyuma ya mgongo. Anasema kituo cha Bukoba kinakubaliana na setilaiti kwa namna ya kupendeza, na hakina siku hata moja iliyorukwa. Kituo cha Kishanda kina mapengo mengi, na kwenye siku za jua ambazo ziwa lina mawingu namba zake zinapishana na setilaiti. Kwa hiyo Kishanda hakiaminiki. Nikirudishe kifaa kabla shule haijafungwa. Ameambatanisha jedwali la vituo vyote viwili, ili, kwa maneno yake, nijifunze kwa mwenzangu.

Nikajifunza.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Alhamisi, nilikwenda Bukoba kuchukua betri za kifaa, ambazo hupitia kwa Mutalemwa. Mvua ilinipokea stendi, ikanisindikiza mpaka kwake, mtaa wa Bakoba, na haikunyanyua mguu mpaka saa kumi na moja jioni. Nilikaa sebuleni kwake tangu saa tano. Mkewe alitukaangia senene, wale panzi wa Novemba, nikala mpaka nikaona haya. Kifaa chake kilikuwa ndani ya mkoba wake mweusi juu ya kabati la vyombo, na mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwa kabati hilo. Mutalemwa alichungulia dirishani akacheka, "Leo jua limeomba ruhusa." Saa nane ikapita tukiwa tunabishana habari za bei ya kahawa.

Kwenye jedwali la mratibu, Alhamisi hiyo imeandikwa: Bukoba, saa nane na robo, jua kamili. Pembeni yake kuna namba. Na namba hiyo ni ile ile ya setilaiti, mpaka tarakimu iliyo baada ya nukta.

Nilirudi juu ya jedwali nikashuka nalo mstari kwa mstari. Siku ambazo mvua ilipiga mkoa mzima mpaka tukaahirisha mechi ya shule, Bukoba jua kamili. Siku ambayo barabara yetu ilikatika, Bukoba jua kamili. Kama mji ule ungepata jua lote hilo, migomba yao ingekuwa imekauka na kahawa ingeanikwa mpaka kanisani.

Nilimpigia simu nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu.

"Waitu mwalimu," akaitika kwa uchangamfu wake wa Kihaya, "senene wamewafikia huko?"

Nikamwuliza Alhamisi ile alipima saa ngapi.

Akanijibu bila hata kujitetea, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Dada, namba ya setilaiti si ipo mtandaoni? Mvua ikinyesha naichukua ile. Na jua likiwepo, yangu nikiona inapishana nayo, naisogeza. Ile mashine imetengenezwa na watu wenye akili zao, wameipeleka mpaka kule juu. Mimi ni nani nibishane nayo?"

Nilikuwa nimejiandaa kupambana na mvivu au mjanja. Nikakutana na mtu mwenye adabu. Mutalemwa ameiheshimu setilaiti kama anavyomheshimu baba mkwe: haipingi, haikatizi, inachosema anaitikia. Kila siku ya jua kwa miaka yote hii ametoka nje na kifaa, kisha amerudi ndani kwenda kuiuliza setilaiti kama ameona sawasawa.

"Kaka, sisi ndio wakaguzi," nikamwambia. "Ukichukua majibu ya mwanafunzi ukayafanya ndiyo ya kusahihishia, atakosaje kupata zote?"

"Lakini wamefurahi," akasema.

Ndiyo, wamefurahi. Sijui nimkasirikie nani kwanza. Mutalemwa amekosea kwa unyenyekevu, lakini mratibu alisoma namba zisizopishana hata chembe, siku zote, mvua na jua, na badala ya kushtuka akapongeza. Mtu aliyesoma kuliko sisi wote. Ametumwa kuikagua setilaiti, na akiona kituo kimeipinga, anakifunga kituo. Sasa nauliza, kifaa tuliletewa cha nini? Si wangetuletea mhuri tu, tuwe tunagonga "sahihi" kila saa nane? Na kesho mtu wa mbali ataandika kwamba vipimo vya setilaiti juu ya ziwa letu vimethibitishwa na watu wa hapa hapa. Watu gani? Mimi nilithibitisha lini?

Nilimweleza Mutalemwa yote hayo, na si kwa sauti ya chini. Mwalimu wa zamu alifunga dirisha. Nikamwambia naandika barua kwa mratibu leo leo, na Alhamisi ile naitaja, na kabati la vyombo nalitaja.

Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Na siku tuliyomzika mzee wako kule Rubafu, wewe ulipima saa ngapi?"

Nilikata simu.

Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi. Nimelifundisha vipindi viwili, nimelila na ugali, na bado liko hapa.

Baba yangu, tata, alifariki mwaka jana wakati wa kiangazi. Nilikwenda Rubafu, nikakaa wiki nzima. Kifaa kilibaki Kishanda kabatini, na klabu ilikuwa likizo. Mutalemwa alikuja mazishini. Alisimama bega kwa bega na mimi pembeni ya kaburi kwenye kibanja chetu, katikati ya migomba ya nyumbani, kwaya ikiimba, jeneza likishushwa saa nane kasoro. Jua lilikuwa limekaa vizuri ajabu. Nakumbuka niliinua uso nikawaza, hii ni siku ya kupima. Nalionea aibu wazo hilo mpaka leo.

Niliporudi shuleni nikafungua daftari. Siku zote za wiki ile nimeandika "sikuwepo". Zote, isipokuwa ile ya mazishi. Pale niliangalia namba ya mwisho niliyopima kabla ya kuondoka na ya kwanza niliyopima niliporudi, nikachukua iliyo katikati, nikaiandika. Saa nane na robo, jua kamili. Jua lilikuwa kamili kweli, lakini lilikuwa Rubafu, na mimi mkono wangu ulikuwa umeshika udongo.

Kwa nini? Nimejaribu kujidanganya kwamba ni kwa ajili ya mradi. Uongo. Sikutaka tu kuiona siku ile ikiwa tupu. Kila nilipotazama nafasi ile nilikuwa namwona yeye anashuka. Nikaiziba kwa namba.

Mutalemwa aliiona kwenye karatasi za mwezi ule tulizotumiana, akajua, na hakusema neno mwaka mzima. Hata leo hakusema ili anitishe. Namjua. Nikimwandika, hataniandika.

Na hapo ndipo jaribu lilipo. Naweza kupeleka Alhamisi yake na kuizika siku yangu. Kifaa kingebaki Kishanda, mratibu angeniomba radhi, na mimi ningetembea shuleni kifua mbele. Hakuna mwingine anayejua.

Saa nane mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu zote, na wasichana wa klabu wakaja maabara hivyo hivyo, kama kawaida yao. Nikawaambia kwamba kifaa huenda kikaondoka. Jovina, anayetunza daftari, hakuuliza lolote kuhusu kifaa. Aliuliza, "Mwalimu, na zile tulizopima sisi wenyewe, watazifuta?"

Nikasema sijui. Ilikuwa kweli. Wasichana hawa wamesimama juani miaka yote hii bila kuongeza wala kupunguza. Wameandika "hakuna jua" mara nyingi kuliko namba, na mapengo hayo ndiyo tunayoshtakiwa nayo. Nikikiri siku moja ya uongo, mratibu atapata sababu ya kutupa zote. Nisipokiri, namba zao safi zitakaa ukurasa mmoja na ya kwangu chafu, na ni mimi niliyewafundisha sharti.

Wametoka saa tisa. Nikabaki.

Barua nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu yenye salamu. Ya pili ilimtaja Mutalemwa kwenye mstari wa kwanza. Hii ya tatu inaanza na mimi: siku, saa, namba niliyoitunga na namna nilivyoitunga. Ndipo inafuata Alhamisi ya Bakoba, na kabati, na ombi langu kwamba wazipange siku zote za Bukoba kando ya siku za mvua wajionee. Nimeandika pia kwamba kifaa sitakirudisha mpaka nijibiwe swali moja: katika mradi huu, nani anamkagua nani? Nakala nimemtumia Mutalemwa kabla ya kumtumia mratibu, ili asiisikie kwa mtu mwingine. Amejibu neno moja, "Nimesoma." Sijui ni neno la rafiki au la nini. Kesho nitampigia, na safari hii nitaongea taratibu.

Nimebonyeza kutuma saa kumi na moja. Bado nina hasira, ila sasa nazigawa vizuri, na fungu langu mwenyewe nimelichukua.

Kabla ya kufunga maabara nilitoa daftari. Kwenye mstari wa leo Jovina ameshaandika kwa mwandiko wake wa duara: "Mvua. Hatukupima." Nikarudi nyuma mpaka kiangazi cha mwaka jana. Nikaikata ile namba kwa mstari mmoja, ionekane bado, asije mtu akadhani haikuwepo. Pembeni, kwenye safu ya sababu, nafasi ni ndogo, nikabana herufi.

Sikupima. Nilikuwa Rubafu, namzika tata.